Mlango Umefunguliwa Ulaya, Sisi Hatujabisha Hodi

Na Mwenezi wa Chama, Nduta, Kibondo

Ikiwa wewe una simu yenye WhatsApp, na jamaa yako aliyeko Brussels anayo vile vile, wadhani mna kitu kimoja. Sivyo. Programu ni moja na mwenye mali ni mmoja, yaani kampuni ya Meta ya Marekani, lakini yule wa Brussels amepewa haki ambayo wewe wa Kibondo hukupewa. Tangu Machi 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya juu ya masoko ya kidijiti yaiamuru Meta kuifungulia milango mitandao mingine ya ujumbe, ili mtu aliye katika mtandao mdogo aweze kumwandikia aliye WhatsApp bila yeye mwenyewe kujiandikisha huko. Sheria yataka yaanze maandishi na picha baina ya mtu na mtu, yafuate makundi, mwisho zije simu za sauti na za video. Novemba 2025 Meta ilitangaza mitandao miwili ya kwanza ya kuunganishwa namna hiyo, BirdyChat na Haiket. Kwa watu wa Ulaya tu.

Meta haikufanya hivyo kwa huruma. Iliamriwa, ikakawia, kisha ikafungua. Wala haikulazimika kuunda WhatsApp ya pili kwa ajili ya Wazungu. Ni ile ile iliyomo mfukoni mwako, ila upande wako kitasa kimeachwa kimefungwa kwa kuwa hakuna sheria ya kwetu iliyosema kifunguliwe.

Nimekwisha kuambiwa na ndugu wawili watatu kwamba jambo hili ni la wasomi wa mjini, na kwamba mkulima wa maharage wa Nduta lamhusu nini. Basi na tulitazame.

MANAMBA

Watu wa Kibondo na Kasulu ni watu waliotawanyika tangu zamani. Wakati wa Mwingereza vijana wa Kiha walisombwa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokuwa ikiandika vibarua, wakapelekwa Tanga kukata mkonge. Waliitwa manamba, maana kila mmoja alijulikana kwa namba, na jina alilopewa na babaye lilibaki nyumbani. Leo watoto wa watoto wao wako Kahama, Mwanza, Dar es Salaam. Na hapa Nduta, kambi ilipofunguliwa tena mwaka 2015, tulipokea Warundi wengi ambao lugha yao na Kiha chetu husikilizana bila mkalimani. Ndugu zao wengine wako Ruyigi, wengine walikwisha kufika Kanada na Marekani. Watu wa namna hii hawawezi kuishi bila kupashana habari. Bei ya gunia, habari ya msiba, mchango wa arusi, mwito wa mkutano wa tawi, vyote siku hizi hupita katika kundi la WhatsApp.

Na katika WhatsApp wewe ni namba tena. Namba ya simu ndiyo wewe. Ukiacha laini yako muda mrefu ikapewa mtu mwingine, umekwisha. Makundi uliyokuwamo, watu uliokuwa ukisemezana nao, huwezi kuwafunga kitambaani ukahama nao kwenda nyumba nyingine. Tarehe 4 Oktoba 2021, mitambo ya Facebook ilipoharibika, WhatsApp, Instagram na Facebook zilizimika pamoja dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Fundi wa Facebook alikosea, na mfanyabiashara wa Kasulu akashindwa kumwuliza wakala wake kama lori limeondoka.

Sitaki kuwa mwongo. Mtandao huo umetufaa, na vifurushi vyake ni rahisi. Mimi mwenyewe siwezi kupanga ziara ya matawi bila huo. Ninachouliza ni habari ya mlango na aliyeshika ufunguo.

FEDHA ILIPITA, NENO LIKAKWAMA

Ajabu ni kwamba sisi Watanzania ndio hasa tungepaswa kulielewa jambo hili kabla ya Wazungu, maana tumekwisha kulifanya mara mbili.

Mara ya kwanza ni simu ya kawaida. Mtu wa Halotel humpigia mtu wa Airtel bila kufikiri. Haikuja hivi hivi. Sheria huzitaka kampuni ziunganishe mitambo yao, na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hupanga bei ambayo kampuni moja huilipa nyingine kwa kila dakika inayovuka. Bei hiyo ilikuwa shilingi 15.60 mwaka 2018, ikashushwa kila mwaka hata ikafika shilingi 2 mwaka 2022. Wazee wetu wanakumbuka wakati mtu alipotembea na simu tatu mfukoni kwa sababu kupiga mtandao wa jirani kulikuwa ghali. Bei iliposhushwa kwa amri, sababu ya simu tatu ikaanza kufa.

Mara ya pili ni fedha, na hapa nataka nikae kidogo, maana hadithi yake yafundisha. M-Pesa ya Vodacom ilianza kwetu 2008, wengine wakafuata. Kila kampuni ilijenga boma lake. Ukitaka kumtumia fedha mama yako aliye katika mtandao mwingine, yeye alipata ujumbe wenye tarakimu za siri, akatembea nao hadi kwa wakala wa mtandao wako, akatoa fedha taslimu hapo hapo. Kama wakala wa mtandao huo hayupo kijijini, mama alitembea. Mwaka 2014 Tigo (ambayo sasa yaitwa Yas), Airtel na Zantel walikubaliana fedha ivuke moja kwa moja kutoka mfuko wa mtandao mmoja kwenda mfuko wa mwingine. Vodacom, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, aliingia mwisho, Februari 2016. Ndugu zetu wa Kenya, ambao dunia nzima huwasifu kwa M-Pesa yao ya 2007, walifika hapo 2018. Sisi tulitangulia.

Lakini tazama vizuri ni nani aliyechelewa. Ni yule mkubwa. Mdogo hutaka mlango ufunguliwe tangu siku ya kwanza, kwa kuwa watu wengi wako ng'ambo ya ukuta. Mkubwa haoni haraka, kwa kuwa watu wako kwake. Hilo si jambo la tabia ya Vodacom, ni la kila mwenye soko. Na tazama tena: mapatano yale ya 2014 yalikuwa ya kampuni kwa kampuni, Benki Kuu ikiwa imekaa mezani na kuangalia. Baadaye Benki Kuu haikuridhika na kuangalia. Ikajenga njia yake yenyewe ya malipo ya papo kwa papo, iitwayo TIPS, ambamo benki na mitandao ya simu yote hupitia. Njia kuu ikawa ya umma. Anayetaka kuendesha basi juu yake na aendeshe, lakini barabara si yake.

Basi fedha yavuka. Sauti ya simu yavuka. Ujumbe mfupi wa SMS wavuka. Lakini aliye Telegram akimwandikia aliye WhatsApp, neno hukwama ukutani. Uliyeandika Facebook, mtu wa X haoni. Kuvusha shilingi elfu kumi ni kazi ya hatari, yenye wezi na makosa, nayo tumeiweza. Kuvusha "shikamoo mjomba" twaambiwa ni kazi ngumu!

MITANDAO YA SHIRIKISHO

Wako watu duniani ambao hawakungoja kampuni. Mwaka 2016 kijana mmoja wa Ujerumani, Eugen Rochko, alitoa Mastodon, programu ambayo mtu ye yote aweza kuichukua bure na kuiweka katika kompyuta yake, yaani seva, ikawa mtandao wa jamii wa watu wake. Chuo chaweza kuwa na seva, mji waweza, chama cha ushirika chaweza. Kila seva ina mwenyewe na sheria zake, lakini zote husemezana kwa kanuni moja ya wazi iitwayo ActivityPub, ambayo baraza la kimataifa la viwango vya wavuti, W3C, liliipitisha Januari 2018.

Aliyesoma barua za posta ataelewa mara moja. Juu ya bahasha huandikwa jina, sanduku la posta, na mji. Jina ni lako, na mji wajulikana. Mwenye barua hahitaji kuwa na sanduku katika mji ule ule. Tangu mkataba wa Berne wa 1874 barua yenye stempu ya nchi moja hupokewa katika nchi nyingine bila mwandikaji kuomba ruhusa kwa posta ya huko. Barua pepe hufanya vivyo hivyo: wa Gmail humwandikia wa Yahoo. Mitandao ya shirikisho imeichukua desturi hiyo ya zamani ikaitia katika mazungumzo ya hadhara. (Neno shirikisho latukumbusha tamko la Nairobi la Juni 1963, ambalo viongozi wa nchi zetu tatu waliahidi kuungana nalo likafa. Hili la kompyuta angalau linatembea.)

Sasa likaja jitu kubwa kubisha hodi lenyewe. Julai 2023 Meta ilianzisha mtandao mpya, Threads, ukapata watu milioni 100 kwa siku tano. Desemba mwaka huo ukaanza kujaribu kusema kwa kanuni ya ActivityPub. Machi 2024 watu wa Marekani, Kanada na Japani walio na umri wa miaka 18 na zaidi wakaruhusiwa, kama wapenda, maandishi yao yaonekane katika seva za Mastodon. Nchi nyingine zikafuata. Shirikisho likapasuka kwa ubishi. Waendeshaji wengi wa seva ndogo walitia sahihi ahadi ya kuifungia Threads mlango kabla haijaingia. Wengine, Rochko akiwa mmoja wao, walisema mlango uachwe wazi, kwa kuwa hiyo ndiyo maana ya kanuni ya wazi.

Mimi nasema kila upande umeshika nusu. Wanaofunga wanakumbuka yaliyopita. Google ilianzisha mtandao wake wa ujumbe, Google Talk, mwaka 2005, ikaujenga juu ya kanuni ya wazi ya Jabber iliyokuwapo tangu 1999, na mwaka 2006 ikafungua mlango kwa seva za nje. Wadogo wakafurahi, wengi wakawaambia jamaa zao wahamie Google kwa kuwa ni kule kule. Mei 2013 Google ikatangaza Hangouts mahali pake, na Hangouts haikuwa na mlango wa nje. Watu walikuwa wamekwisha kuhama. Hapakuwa na sheria iliyovunjwa, hapakuwa na mahali pa kushtaki. Aliyefungua kwa hiari yake alifunga kwa hiari yake.

Hata barua pepe, hiyo niliyoisifu juu hapa, ina ugonjwa huo. Mlango uko wazi kwa maandishi ya kanuni, lakini kampuni kubwa zinazopokea barua nyingi huzitupa barua za seva ndogo katika kapu la takataka, mpaka mdogo achoke aende kukodi kwa mkubwa.

Lakini wanaofunga mlango kabisa nao wamesahau kwamba watu wako upande ule. Seva ya watu arobaini isiyoweza kusema na mamilioni ni kikao cha marafiki. Ni kizuri, lakini hakitamsaidia mama wa Kasulu ambaye mwanawe yuko Threads au WhatsApp na hatahama kwa ajili ya siasa yetu.

MIZANI YA NANI

Wakulima wetu walikwisha kulijibu swali hili. Wachaga walianza chama chao cha kahawa mwaka 1925, kikageuka KNCU 1933. Wasukuma, Paul Bomani akiwa mbele, walijenga vyama vya pamba mpaka ukapatikana muungano wa Victoria mwaka 1955. Malalamiko yao makubwa yalikuwa mizani ya mnunuzi. Hawakusema hatutauza pamba kwa mfanyabiashara wala Ulaya, wangeila pamba? Walisema pamba na ipimwe kwa mizani yetu kwanza, halafu tuuze pamoja. Chama cha msingi kidogo kilibaki na watu wake na daftari lake, muungano ukabeba mzigo mkubwa, na mnunuzi akakuta watu waliosimama.

Ndivyo seva ndogo zipasavyo kuungana na majukwaa makubwa. Anwani ya mtu iwe ya seva yake, si ya jukwaa. Akitaka kuhama aende na watu wake wanaomfuata. Jukwaa kubwa likileta matusi, matapeli na uchochezi, seva iweze kuufunga mlango huo mmoja bila kuomba. Na jukwaa lisiweze kuufunga kwa upande wake kwa sababu tu faida imebadilika. Hayo matatu ya kwanza kanuni ya wazi huweza kuyatoa. La nne hutolewa na sheria peke yake, na ndilo ambalo Ulaya wamelipata juu ya WhatsApp na sisi hatujalidai.

Najua nchi moja ni ndogo mbele ya Meta. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ni nchi nane, nasi twaweza kusema kwa pamoja kama Ulaya walivyosema kwa pamoja. TCRA imekwisha kuendesha mambo ya kuunganisha mitandao ya simu kwa miaka mingi. Ina watu wanaojua hesabu yake. Hatuagizi utaalamu.

Na hapa lazima niseme la nyumbani, hata kama litawachukiza wengine. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni ziliwataka wenye majukwaa na blogu wa hapa nchini kulipa leseni, ambayo pamoja na ada ya mwaka na ya maombi ilizidi shilingi milioni mbili. Juni mwaka huo JamiiForums, jukwaa lililojengwa na Watanzania tangu 2006, lilisimama kwa muda. Kanuni zimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, lakini Septemba 2025 jukwaa hilo hilo lilisimamishiwa leseni kwa siku 90. Mei 2025 X ilifungwa nchini. Sitasema leo nani alikuwa na haki katika kila kisa. Nasema hivi: mzigo wa leseni humwelemea aliye karibu, na kijana wa Kibondo anayefikiri kuweka seva ya kata ataogopa karatasi kabla hajaogopa umeme kukatika. Tukimtisha mdogo wa kwetu, tumemjengea ukuta yule mkubwa wa mbali, tena bure.

Wala seva ya kwetu si dawa ya kila kitu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa siku kadhaa. Waya ukikatwa, shirikisho na jitu hulala giza moja. Lakini hilo ni shauri jingine, nami nitaliandika mahali pake.

Chama chetu nacho kijitazame. Twahubiri kujitegemea, na ukurasa wetu uko Facebook. Orodha ya makatibu wa matawi imo katika kundi la mtu mmoja; simu yake ikitumbukia mtoni Malagarasi, wilaya nzima hupotea. Wakubwa wetu wengine hulipenda kundi la WhatsApp kwa sababu moja wasiyoisema, kwamba msimamizi aweza kumtoa mtu kwa kidole. Katika seva ya chama, yenye sheria zilizoandikwa na kupigiwa kura na wanachama, kumtoa mtu kungehitaji sababu.

Gharama si ya kutisha. Kompyuta moja ya kawaida yatosha kuhudumia mamia ya watu wa kuandikiana. Mafundi tunao, vyuo vya ualimu, na Kasulu chuo kipo, vina wakufunzi wa kompyuta na vijana wanaotafuta kitu cha kufanyia mazoezi kisicho cha mtihani. Kinachokosekana ni mtu wa kusema tuanze, na mtu wa kuilinda nakala ya akiba isiwe katika chumba kimoja na seva yenyewe.

Kwa hiyo katika mkutano ujao wa wilaya nitaleta azimio lenye maneno mawili. Kwanza, wabunge wetu waulize bungeni kwa nini mlango uliofunguliwa Ulaya haufunguliwi Tanzania, na watake TCRA ilete pendekezo. Pili, wilaya za Kibondo na Kasulu zifungue seva moja ya pamoja, iliyounganishwa na shirikisho na kuwa wazi kwa vyama vya ushirika, walimu na mtu ye yote, awe mwanachama ama siye, na mlango wake kwa Threads uwe wazi kwa majaribio ya miezi sita, kisha wanachama wapige kura. Matawi yanayoafiki yalete majina ya vijana wawili wawili wanaojua kompyuta, wa kike mmoja na wa kiume mmoja, yaandikwe kwenye karatasi na kukabidhiwa ofisi ya wilaya kwa mkono.